Nimeletewa fomu ya kuridhia mama afungwe mkanda kwenye nyumba ya wazee. Nisaini?

#1 Binti wa Tatu
Wakuu, salaam. Naomba mawazo, hasa ya waliofanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee au waliompeleka mzazi huko.

Mama ana ugonjwa wa kusahau. Ameshaanguka usiku zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho alipasuka juu ya jicho akashonwa. Sasa uongozi umetuletea fomu: mchana akiwa kwenye kiti afungwe mkanda wa kiunoni, usiku kitanda kipandishwe vyuma vya pembeni pande zote mbili. Wanasema ni kwa usalama wake, na kwamba tusiposaini wao hawatawajibika kwa litakalotokea. Kaka yetu mkubwa anataka tusaini leo leo. Dada anasema siku mama atakapofungwa, yeye anamchukua na kuhama naye. Mimi nimekwama katikati yao. Mkanda unamlinda mama kweli, au unawalinda wao?

#2 Jogoo la Jirani
Swali zito hili. Ngoja waje wenye uzoefu, mimi naweka kambi hapa.

#3 Chapakazi
Saini, dada. Watakuja watu na maneno matamu ya haki na utu, lakini mama akivunjika nyonga hutawaona. Kwa umri ule wengi hawarudi kutembea kama zamani, na wapo wasiomaliza mwaka. Mtoto tunamfunga mkanda kwenye gari na hakuna anayesema amenyanyaswa. Mkanda ni mkanda.

#4 nesi_wa_usiku
Binti wa Tatu, usisaini bado. Nimekesha kwenye nyumba za wazee miaka mingi, mikanda ya kila aina naijua.

Kabla ya fomu waulize kitu kimoja: mama alipoanguka, alikuwa anakwenda wapi? Mwenye ugonjwa wa kusahau haamki saa tisa usiku bila sababu. Mara nyingi kibofu kimejaa. Au ana maumivu asiyoweza kuyaeleza. Au ana kiu, au anasikia baridi, au maisha yake yote aliamka alfajiri na mwili bado unafuata ratiba ile. Ukimfunga, kibofu hakiachi kujaa. Atahangaika, atavuta mkanda, atapiga kelele, kisha ataandikwa kwenye faili kuwa ni msumbufu. Na msumbufu huongezewa kidonge.

Ulizeni pia dawa anazomeza, hasa za usingizi na za presha, na lini daktari alizipitia zote kwa pamoja. Presha ipimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, ionekane kama inashuka. Miwani yake iko wapi? Usiku anavaa nini miguuni? Njia ya chooni ina taa? Wakikosa majibu, jua hawajachunguza chochote, wamerukia mkanda tu.

#5 Tafakuri
Nakazia post ya nesi. Mwaka 1992 Mary Tinetti na wenzake walichapisha utafiti wa nyumba za uuguzi za Marekani. Walianza na wazee waliokuwa wanatembea na hawajafungwa, wakawafuatilia. Kati ya waliokuja kufungwa baadaye, asilimia 17 waliumia vibaya kwa kuanguka. Kati ya ambao hawakufungwa, asilimia 5.

Mguu usiobeba mwili unaisha haraka. Misuli inasinyaa, viungo vinakakamaa, mtu anasahau hata namna ya kujiweka sawa akiyumba. Siku mkanda ukifunguliwa, au akichomoka kwa chini, anasimama na miguu isiyomwezi. Hapo sijataja vidonda vya kukaa mkao mmoja, choo kigumu, nimonia, na mkojo unaomtoka kwa sababu tu hakupelekwa kwa wakati.

Na wewe Chapakazi, mkanda wa gari safari ikiisha unafunguliwa. Huu wa mama safari yake inaishia wapi?

#6 Chapakazi
> Kati ya waliokuja kufungwa baadaye, asilimia 17 waliumia vibaya

Mkuu, wanaofungwa ni akina nani? Si hao hao wanaoyumba kila siku? Lazima waumie zaidi, uwafunge usiwafunge. Hapo mkanda bado hujauthibitishia kosa.

#7 Tafakuri
Hoja halali, na watafiti wenyewe waliiona. Walipoingiza tofauti za hali za wazee kwenye hesabu, uhusiano ulibaki pale pale. Ila sibishi kwamba kufuatilia watu bila kuwagawa kwa kura kuna mipaka yake. Basi chukua wa Ujerumani uliotoka 2012, wa Sascha Köpke na wenzake. Nyumba 36 ziligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa mwongozo, mafunzo, na muuguzi mmoja kila nyumba wa kusimamia jambo hilo. La pili lilipewa taarifa za kawaida tu. Baada ya miezi sita kundi la kwanza lilishuka kutoka asilimia 31.5 ya wakazi wenye kizuizi cha mwili (mkanda, vyuma vya kitanda na vingine vya aina hiyo) hadi 22.6. La pili lilitoka 30.6 hadi 29.1.

Sasa sikiliza: walioanguka hawakuongezeka, na dawa za kutuliza hazikuongezeka. Ndizo hofu mbili ambazo kila meneja hukupa.

#8 Jogoo la Jirani
Chapakazi kimya kidogo hapo 😂

#9 Chapakazi
Sijanyamaza, nipo kazini. Asilimia 22.6 maana yake hata baada ya mafunzo yote zaidi ya mtu mmoja kati ya watano bado amezuiwa. Wangekuwa na njia ya kuacha kabisa wangeacha.

#10 Fundi Vitanda
Mmeng'ang'ania mkanda mkasahau nusu ya pili ya fomu. Mimi natengeneza na kukagua vitanda vya hospitali na nyumba za wazee, naomba niongelee vyuma.

Watu huona vile vyuma kama ukuta. Mtu mwenye akili timamu anayevitumia kujishikia na kugeuka hana tatizo, vinamsaidia. Tatizo ni mzee aliyechanganyikiwa anayetaka kutoka. Haoni ukuta, anaona kitu cha kuruka. Anapanda juu yake na sasa anaanguka kutoka juu zaidi, kichwa kikitangulia. Bila chuma angeteleza ukingoni mwa godoro akaanguka kwa makalio.

La pili ni kunasa. Mwili mwembamba unaingia kwenye nafasi kati ya godoro na chuma, kifua au shingo inabanwa, na hana nguvu ya kujitoa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipokea taarifa 803 za watu kunaswa kwenye vitanda vyenye vyuma kati ya 1985 na mwanzo wa 2009. Waliokufa ni 480. Hizo ni zilizoripotiwa tu. Mwaka 2006 walitoa mwongozo wa vipimo, na nafasi ambazo kichwa kinaweza kupita zinatakiwa ziwe chini ya milimita 120.

Kitanda kikitoka kiwandani vipimo huwa sawa. Baada ya miaka godoro linabadilishwa, linaletwa jembamba au laini kuliko la mwanzo, skrubu zinalegea, chuma cha kitanda kingine kinafungwa kwenye hiki. Hapo ndipo nafasi inapozaliwa. Binti wa Tatu, ukienda kumwona mama, bonyeza godoro pembeni kwa nguvu ya mkono wako. Ngumi ikizama kati yake na chuma, usiongee habari ya kusaini.

Kama shida ni kuanguka kitandani, waambie walete kitanda kinachoshuka hadi karibu na sakafu, na mkeka mnene pembeni. Usiku kinashushwa, mhudumu akija kumhudumia anakipandisha asivunjike mgongo. Hicho hakimzuii mtu, kinapunguza tu urefu wa kuanguka.

#11 Msafiri wa Mbali
Shukrani Fundi. Kwa kuongezea, Marekani walishapiga marufuku haya mambo yote tangu 1987. Huko mzee hafungwi.

#12 Wakili Mtoro
Msafiri, taratibu. Sheria ya 1987 haikupiga marufuku yote. Ilimpa mkazi haki ya kutozuiwa mwili, kwa kifaa au kwa dawa, pale kizuizi kinapowekwa kama adhabu au kwa urahisi wa wafanyakazi. Kwa sababu ya kitabibu bado kinaruhusiwa, kwa amri ya daktari na kwa muda. Na ilianza kutekelezwa 1990, si 1987. Ila kwamba ilifanya kazi, hilo kweli. Mwaka 1991 waliozuiwa walikuwa zaidi ya asilimia 20, na kufikia 2007 walikuwa chini ya 5.

Kuna kipengele kinachomhusu mleta uzi moja kwa moja. Kwa utaratibu wa Marekani, familia kuomba au kusaini hakutoshi kuhalalisha kizuizi. Kama hakuna dalili ya ugonjwa inayotibiwa nacho, saini ya mtoto haiongezi kitu. Ujerumani wameenda mbali zaidi: mkanda au vyuma vya kitanda vinavyomnyima mtu uhuru kwa muda mrefu au kila mara vinahitaji kibali cha jaji, hata kama mwakilishi wake ameridhia. Mwaka 2007 huko Garmisch-Partenkirchen ulianza utaratibu ambao mahakama, kabla ya kutoa kibali, inamtuma mtu mwenye taaluma ya uuguzi akakae na wahudumu na familia watafute njia nyingine. Umesambaa sehemu nyingi za nchi ile.

Kwa hiyo dada, hilo tishio la kutowajibika lisikutishe. Wajibu wa kumtunza mama ni wao, na hauhamii kwako kwa karatasi. Sheria ya mahali ulipo iangalie kwa wakili wa hapo, mimi mtoro tu.

#13 Jogoo la Jirani
Wakili umeua. Jaji kupanda ngazi kuja kukagua mkanda wa bibi, hii dunia pana.

#14 nesi_wa_usiku
Mambo ya majaji mazuri, lakini niwarudishe wodini. Zamu ya usiku, wahudumu wawili, korido mbili. Mmoja anambadilisha mzee aliyejichafua, na hawezi kumwacha nusu. Wa pili yuko na anayepumua vibaya. Kengele ya tatu inalia. Mama wa Binti wa Tatu anasimama. Nani anamfikia?

Simtetei anayefunga. Nasema ukitaka kujua kwa nini mkanda upo, hesabu watu wa zamu. Mikutano ya utu hufanyika mchana, wakati wakubwa wapo.

#15 Mdau Mkongwe
Dada nesi, nakuheshimu lakini hapo sikubaliani nawe. Nimesimamia nyumba mbili zenye idadi sawa ya wahudumu na wazee wa hali ileile. Moja mikanda ilikuwa kila kona, nyingine hakuna hata mmoja. Tofauti ilikuwa mkuu wa wodi. Yule wa pili alikuwa akikuta mtu amefungwa anauliza mbele ya wote: "Huyu anazuiwa kwa sababu gani, na tumejaribu nini kabla?" Basi. Wiki chache watu wakachoka kuulizwa.

Na si maneno yangu tu. Utafiti wa Lois Evans na wenzake wa 1997 ulipunguza vizuizi kwa mafunzo pamoja na muuguzi bingwa aliyepita wodini kujadili mzee mmoja mmoja, bila kuongeza wafanyakazi. Mafunzo peke yake hayakufua dafu vile. Uholanzi nao walijaribu kutangaza kwamba hakuna mkanda mpya, wakaweka muuguzi mshauri na vifaa mbadala, matumizi ya mikanda yakashuka kwa kiasi cha nusu. Ni mazoea, na mazoea yanavunjwa na anayeongoza.

#16 nesi_wa_usiku
Mkuu wa wodi wako alikuwa akilala kwake saa tisa usiku. Nani alikuwa anakimbia?

#17 Mdau Mkongwe
Hapo umenipata kidogo 😄 Lakini jibu lipo: kuwapeleka chooni kabla hawajaamka wenyewe. Ukijua fulani huamka saa tisa, mfikie saa nane na nusu.

#18 Bi Kizee
Nimewasoma tangu mwanzo. Mimi ndiye mnayemzungumzia. Nimevuka themanini, macho yananitosha kusoma uzi wenu kwa herufi kubwa.

Mnajadili nyonga yangu kama kabati linalohamishwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama mwenyewe anasemaje. Mtaniambia anasahau. Anasahau tarehe, hajasahau kufungwa. Mtu aliyesahau jina la mwanawe bado anavuta kamba.

Mimi nimewaambia wanangu, na nimeandika, kwamba naridhia kuanguka. Nikianguka nikielekea dirishani, nilikuwa naelekea dirishani. Sitaki kukaa salama miaka mitano kwenye kiti.

#19 Chapakazi
Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, wewe una akili zako na umeandika mwenyewe. Mama wa dada hapa hakuandika. Nani amsemee?

#20 Bi Kizee
Marahaba mwanangu. Wamsemee wanaomjua alivyokuwa. Alikuwa mtu wa kukaa? Kama maisha yake yote alikuwa mtu wa kuzunguka, jibu mnalo.

#21 Jogoo la Jirani
Bibi kachukua uzi. Shikamoo bibi.

#22 Kimya Kingi
Huwa nasoma tu siandiki, ila leo naandika, maana kuna kitu kinapita chini ya meza. Baba yangu alifungwa, tukapiga kelele, mkanda ukaondolewa. Tukafurahi. Wiki zilizofuata tukamkuta analala mchana kutwa, mate yanamtoka, chakula hamalizi. Kumbe ameanzishiwa dawa ya wagonjwa wa akili "ya kumtuliza jioni". Mkanda ulikuwa unaonekana, kidonge hakionekani. Tulichukua muda mrefu kung'amua.

Kwa hiyo Binti wa Tatu, ukikataa fomu, siku hiyohiyo omba orodha ya dawa zake, na umwambie daktari kwamba dawa mpya yoyote ya kutuliza mpewe taarifa kabla.

#23 Tafakuri
Kimya Kingi amegusa penyewe. Mwaka 2005 Marekani iliweka onyo kali kwenye dawa mpya za kundi hilo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, kwa sababu hatari ya kufa ilikuwa takriban mara 1.6 hadi 1.7 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa hadi dawa za zamani. Na zinaongeza kuanguka pia, yaani kilekile mkanda uliwekwa kuzuia.

Ndiyo maana naipenda orodha ya Japani. Bima yao ya matunzo ya muda mrefu ilipoanza mwaka 2000, kumfunga mzee kulikatazwa isipokuwa kwa dharura inayotimiza masharti matatu kwa pamoja: hatari iko mlangoni, hakuna njia nyingine, na ni kwa muda tu. Wizara yao ikaorodhesha vitendo 11 vinavyohesabika kuwa ni kufunga. Kamba zimo, lakini zimo pia glovu za mfuko, nguo ya kipande kimoja ambayo mzee hawezi kuivua, kiti kinachomfanya ashindwe kuinuka, kumfungia chumbani, na kumpa dawa za kutuliza kupita kiasi. Vyuma vya kitanda vikizunguka pande zote navyo vimo. Miaka miwili kabla, 1998, hospitali kumi za Fukuoka zilikuwa zimetoa tamko la kuachana na ufungaji, kwa hiyo serikali ilikuta watu wameshaanza.

#24 Msafiri wa Mbali
Na teknolojia je? Siku hizi kuna mikeka yenye kengele, akiinuka tu inalia. Mnahangaika na kamba karne hii?

#25 Fundi Vitanda
Nimezifunga nyingi. Ikilia mara ishirini usiku hakuna anayekimbia tena. Na wazee wengine wakishajua kwamba wakijisogeza tu kunalia kelele, wanakaa kama sanamu. Hapo umemfunga bila kamba.

#26 Wakili Mtoro
Fundi yuko sahihi hata kisheria. Mwongozo wa Marekani wa miaka ya karibuni unasema kengele ya aina hiyo inaweza kuhesabika kizuizi kama inamfanya mkazi aogope kusogea.

#27 Tafakuri
Na kuna jaribio kubwa la 2012 la kengele za vitandani: matumizi yaliongezeka sana, kuanguka hakukupungua.

#28 Mdau Mkongwe
Tafakuri, hilo lilifanyika hospitalini, si nyumba za wazee. Wagonjwa wa siku chache si sawa na mtu unayeishi naye miaka. Kwetu, kengele moja kwa mzee mmoja tuliyemjua vizuri ilisaidia. Kumi kwenye korido moja zilikuwa fujo.

#29 Kimya Kingi
Samahani kutoka nje ya mada, nilisoma mahali kwamba daktari John Conolly wa nyumba ya wagonjwa wa akili ya Hanwell, Uingereza, ndiye wa kwanza kuacha kufunga wagonjwa, 1839. Yaani hili swali lina karibu miaka mia mbili!

#30 Tafakuri
Conolly ndiye aliyelipa jina, lakini nyumba ya wagonjwa wa akili ya Lincoln, hukohuko Uingereza, ilimtangulia, chini ya Robert Gardiner Hill. Na unajua wapinzani wao walisema nini? Kwamba bila minyororo watu wataumia na wahudumu hawatoshi.

#31 Chapakazi
Na huenda hawakutosha kweli! Wahudumu kutotosha si kisingizio kwa sababu tu ni hoja ya zamani.

Halafu Tafakuri, umetuletea Ujerumani ya 2012, mbona ya 2019 umeificha? Nyumba 120, wakazi zaidi ya elfu 12, mafunzo yaleyale, na mwisho wa mwaka hakukuwa na tofauti ya wazi kati ya waliofunzwa na wasiofunzwa. Nami nasoma.

#32 Jogoo la Jirani
🔥🔥 Chapakazi karudi na mzigo.

#33 Tafakuri
Sijaficha, ulikuwa unakuja. Ni kweli ulishindwa kuonyesha tofauti. Zipo tafsiri kadhaa. Moja: kufikia wakati huo vizuizi Ujerumani vilikuwa vimeshapungua kwa ujumla, kwa hiyo nafasi ya kushuka ilikuwa ndogo. Mbili: mwongozo ule ulipopelekwa kwenye nyumba nyingi ulitekelezwa kwa ulegevu. Tatu, na hii ni yako: mafunzo hayatoshi bila watu. Mimi naegemea ya pili. Mapitio ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yanasema mipango inayobadilisha sera ya nyumba nzima huenda inapunguza vizuizi, na elimu peke yake matokeo yake ni ya kubahatisha.

#34 Mdau Mkongwe
Ya pili. Mwongozo ukikaa droo ya ofisi hauhesabiki kama umetolewa.

#35 nesi_wa_usiku
Ya tatu, na mnajua.

Lakini mmesahau ya nne: familia. Mara ngapi mtoto anakuja na kusema "mama yangu akianguka tena nawashtaki"? Meneja akisikia hivyo, mkanda unatoka kabatini jioni ileile. Binti wa Tatu, kaka yako asiseme sentensi hiyo pale.

#36 Binti wa Tatu
Asanteni sana, nimesoma zote. Kaka alishaisema hiyo sentensi, tena kwa sauti 🤦🏾‍♀️

Nilikwenda na maswali ya nesi. Kuanguka kote kumetokea kuelekea alfajiri, kati ya kitanda na choo. Hakuna aliyekuwa ameandika hilo mahali pamoja, ilibidi tufunue daftari la zamu ukurasa kwa ukurasa na muuguzi mmoja kijana, mpole sana. Miwani ilikuwa kwenye droo ya mtu mwingine. Kuna dawa ya usingizi aliyoanzishiwa alipoingia na haijawahi kupitiwa tena. Godoro nimelibonyeza, Fundi. Mkono uliingia.

Wamekubali kujaribu kitanda cha chini na kumwamsha kabla ya alfajiri. Fomu bado iko mezani. Wanasema akianguka tena wakati wa majaribio, mjadala umeisha. Kaka anaona hiyo ni haki. Dada hataki hata kusikia.

#37 Fundi Vitanda
Mkono uliingia? Hivyo vyuma vishushwe leo, usisubiri majaribio ya kitu chochote.

#38 Wakili Mtoro
Hilo sharti la "akianguka tena" mlikatae. Kitanda cha chini kazi yake si kuzuia kuanguka, ni kupunguza kuumia. Akiteleza kwenye mkeka asiumie, kipimo chenu kimefaulu, lakini kwao wataandika ameanguka. Pimeni majeraha, si idadi ya kuteleza. Na kama siku moja mtasaini chochote, kiwe na tarehe ya mwisho, sababu iliyoandikwa, saa ngapi kwa siku, na nani anamfungua kumtembeza. Fomu isiyo na tarehe ya mwisho ni ya maisha.

#39 Chapakazi
Hapo kwenye tarehe ya mwisho nakubaliana na Wakili. Mimi bado nasema mkanda wa mchana kwa muda mfupi si dhambi, hasa saa ambazo wahudumu wako wachache. Vyuma nimeacha kuvitetea, Fundi amenitisha.

#40 Bi Kizee
Ukaanze wewe kuufunga jioni moja, uje utusimulie.

#41 Chapakazi
Bibi jamani 😂

#42 Msafiri wa Mbali
Kabla hamjafunga kambi: mjomba wangu anavishwa glovu za mfuko kwa sababu anachomoa mpira wa kulishia puani. Hapo mnasemaje? Asipovishwa, mpira unatoka, chakula hakiingii.

#43 nesi_wa_usiku
Swali la kwanza kwa daktari: huo mpira unahitajika kwa nini, na hadi lini? Kama amepata kiharusi na anafundishwa kumeza upya, unaweza kuwa wa muda. Hapo fungeni mpira vizuri shavuni, upitishwe nyuma ya sikio asiuone, mpeni kitu cha kushika mkononi, na glovu zivuliwe kila mtu akiwa naye karibu. Kama ana ugonjwa wa kusahau uliofika mwisho, chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilishauri 2014 kutoweka mipira ya kulishia, kwa sababu haijaonyesha kurefusha maisha wala kuzuia chakula kuingia mapafuni, na inaleta vizuizi kama hivyo unavyoviona. Wanapendekeza kulishwa kwa mkono, taratibu, kile anachokiweza.

#44 Chapakazi
Na huyo wa kumlisha kwa mkono, taratibu, nusu saa kila mlo, atatoka zamu ipi?

#45 nesi_wa_usiku
Haya, sasa umeanza kuongea kama mimi.